Darasa la mubashara mtandaoni: Zoom, BigBlueButton na YouTube Live zinatofautiana wapi?

"Sisi hatuna haja ya Zoom, tumeshahamia Google Classroom." Kauli hii nimeisikia kwa walimu wengi, na kila nikiisikia humfikiria mwanafunzi atakayefungua ukurasa siku ya kwanza ya muhula, akae akimsubiri mwalimu, na asitokee mtu. Mkanganyiko huo una ndugu zake. Wapo wanaouliza kama Moodle ni bora kuliko Teams. Wapo wanaosema YouTube Live inatosha kufundishia kwa sababu inabeba watu wengi. Wapo pia wanaoapa kwamba programu fulani inakula data kuliko zote. Maswali haya yametia vitu vya aina tofauti kwenye kapu moja, na kabla ya kulinganisha chochote inabidi tuvitoe kimoja kimoja.

Masomo ya mbali yana pande mbili. Upande mmoja hauhitaji watu kukutana wakati mmoja: mwalimu anapandisha maelezo, mwanafunzi anayasoma usiku au kesho kutwa, anafanya zoezi, anarudisha kazi. Huko ndiko iliko Moodle, iliyotoka mwaka 2002, na Google Classroom iliyotoka 2014. Zichukulie kama kabati la darasa: madaftari yamo, matangazo yamebandikwa mlangoni, alama ziko kwenye orodha. Upande wa pili ni kipindi cha mubashara, yaani mwalimu na wanafunzi wako hewani wakati uleule, na anayeuliza anajibiwa papo hapo. Huo ndio upande wa Zoom, Google Meet, BigBlueButton na Jitsi.

Kabati na kipindi vinaweza kuunganishwa. Ndani ya Google Classroom mwalimu anaweza kuweka kiungo cha Meet, na tangu toleo la 4.0 la mwaka 2022, Moodle huja na BigBlueButton ndani yake. Microsoft Teams ndiyo inayowachanganya watu zaidi, kwa kuwa imebeba pande zote mbili chini ya jina moja: mafaili, kazi za wanafunzi na simu za video. Lakini hata kwenye Teams, kazi iliyopandishwa ni kabati, na mkutano ni kipindi. Ninachokieleza hapa ni kipindi tu.

Kufundisha mubashara watu walio mbali ni wazo la zamani kuliko intaneti. Mwaka 1951 huko Alice Springs, Australia, ilianzishwa School of the Air, shule iliyowafundisha kwa redio watoto waliokaa mbali sana na miji. Redio ile ilikuwa ya kwenda na kurudi: mwalimu alisema, mtoto naye akajibu kutoka kwao. Picha hazikuwepo. Sauti ya pande mbili ilitosha watu kuita kitu kile darasa. Nalikumbusha jambo hili kwa walimu wenzangu mara kwa mara, kwa sababu tangu mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona na wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani wakakosa madarasa kwa hesabu ya UNESCO, tumezoea kuliona darasa la mtandaoni kama ukuta wa nyuso. Mimi naona kipimo cha haki ni kingine: sauti ya mwanafunzi inamfikia mwalimu kwa haraka gani, na kumfikisha huko kunamgharimu mwanafunzi kiasi gani? Tofauti kubwa za teknolojia hizi zote zinajitokeza ukizishikilia kwa swali hilo.

Ndoo za maji na maboksi ya vitabu

Sauti yako ikishaingia kwenye kipaza sauti haisafiri kama mkondo mmoja. Programu huikata vipande vidogo sana, kwa kawaida kila kimoja kikiwa na sehemu ya 50 ya sekunde, huvibana, kisha huvituma kimoja baada ya kingine. Njiani vingine huchelewa na vingine hupotea kabisa. Kinachozitenganisha teknolojia za mubashara kuliko kitu kingine chochote ni jinsi zinavyokitendea kipande kilichopotea.

Fikiria watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji kuzima moto. Ndoo ikimwagika njiani, hakuna anayerudi kisimani kwa ajili ya ndoo ile, maana inayofuata imeshafika mikononi mwake. Zoom, Meet, Teams, Jitsi na BigBlueButton huibeba sauti kwa mtindo huo. Kipande kikipotea, programu huziba pengo kwa kukisia sauti ilikuwa inaelekea wapi, na wewe unasikia neno limekwaruza, au sauti ya mwenzako imekuwa kama ya roboti. Haipendezi masikioni, lakini mazungumzo hayasimami.

Sasa mfikirie mtu anayehamisha maboksi ya vitabu vya maktaba. Boksi likibaki nyuma, analirudia, kwa sababu mwisho wa safari vitabu lazima viwe kamili. YouTube Live na matangazo mengine ya mubashara hufuata mtindo huu. Picha inafika safi, sauti haikwaruzi, ila ili mfumo upate muda wa kurudia vilivyobaki nyuma, mtazamaji huonyeshwa yaliyotokea sekunde kadhaa zilizopita, na pengine hata nusu dakika.

Sekunde hizo ni nyingi kuliko zinavyosikika. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake la G.114, linataka sauti ichukue si zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywa hadi sikio ili mazungumzo yaende kwa kawaida, na ikizidi 400 linahesabu kwamba mambo yameharibika. Milisekunde 400 haifiki hata nusu sekunde. Mwalimu anayefundisha kupitia tangazo lenye ucheleweshaji wa sekunde 20 akiuliza, "Nani anaweza kuniambia kwa nini?", atakutana na kimya. Atangoja kidogo, atajijibu mwenyewe, ataendelea, na akiwa ameshafika swali la tatu ndipo majibu ya swali la kwanza yataanza kumiminika kwenye maoni. Nimewaona walimu wazuri wakikata tamaa wakidhani wanafunzi wao ni wavivu, kumbe watoto wa watu walijibu, tena upesi, kwa kadiri walivyosikia.

Kwa hiyo YouTube Live ni nyenzo nzuri ya mhadhara: mzungumzaji mmoja, wasikilizaji mia tano au elfu tano, maswali mwishoni. Kwa somo la watu 25 ambapo unataka kusikia nani ameelewa na nani ameachwa njiani, haifai. Katikati ya mkutano na tangazo ipo webina, ambayo huwa na wazungumzaji wachache na hadhira kubwa iliyonyamazishwa hadi iruhusiwe. Sauti yake hufika haraka kama ya mkutano, lakini mwanafunzi hana mlango wa kuingilia kati. Chuo kikikutangazia "darasa la mubashara", uliza ni ipi kati ya hizo tatu.

Nani anamtumia nani

Jambo la pili linaloamua uzito wa darasa ni njia ambazo picha zinapita. Chukua darasa la watu 30. Kama kila mmoja angemtumia kila mwenzake picha yake moja kwa moja, kila simu ingelazimika kupandisha nakala 29 na kupokea nyingine 29. Ukijumlisha darasa zima, ni safari 870 kwa wakati mmoja. Simu ya kawaida ingechemka mkononi.

Ndiyo maana mifumo yote hii huweka seva, yaani kompyuta ya kuwahudumia wengine, katikati kundi linapokuwa kubwa. Wewe unaitumia seva, seva inawagawia wengine. Tena mara nyingi programu huipandisha picha yako katika viwango viwili au vitatu vya ubora, ili mwenye kompyuta na laini nzuri apewe picha kubwa, na mwenye simu na mtandao hafifu apewe kijipicha. Kwa mpango huo, mwanafunzi mmoja mwenye mtandao mbovu hawavuti wengine chini. Wanaosema "mtu fulani akiingia darasa zima linakwama" mara nyingi wanasikia mwangwi na kelele za kipaza sauti cha mtu huyo kilichoachwa wazi, na dawa yake ni kumnyamazisha au kumpa hedifoni.

Turudi kwenye lawama ya kula data. Mwongozo wa Zoom yenyewe unaeleza kwamba sauti peke yake huhitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde. Video ya kikundi yenye ubora mzuri huhitaji takriban kilobiti 600 kushusha na megabiti 1 kupandisha. Zigeuze ziwe saa moja ya somo: sauti ya kilobiti 80 ni kama MB 36, wakati video hiyo ni kama MB 270 za kushusha na MB 450 za kupandisha, jumla MB 720. Tofauti ni mara ishirini, na yote hiyo imo ndani ya programu ileile moja! Meet, Teams na Jitsi zina tarakimu zao, lakini mpangilio ni uleule. Anayegombana kuhusu jina la programu huku kamera 30 ziko wazi ameruka penye gharama.

Hapa nisimulie jambo lililonifundisha. Nilikuwa naeleza wastani na mtawanyiko, nikiwa na jedwali la namba kwenye skrini, na mwanafunzi mmoja akawa ananiandikia kwenye gumzo: "Mwalimu, unakatika." Nikamwambia azime kamera yake. Akazima. Baada ya dakika moja: "Bado, Mwalimu. Nasikia nusu nusu." Nikamwambia atoke aingie upya, akatoka, akaingia, hali ikawa ileile. Tulipoteza karibu dakika kumi na namba zangu zikiwa zimesimama pale pale. Nikiwa nyumbani jioni ndipo nilipoelewa kosa langu. Kuzima kamera yake kulimpunguzia mzigo wa kupandisha tu. Kilichokuwa kinamkaba ni kushusha: nyuso za wenzake zaidi ya ishirini zilikuwa bado zinaingia kwenye simu yake, zikigombania njia moja na sauti yangu.

Mipangilio ya kuzuia video zinazoingia ipo, ila imejificha na watu hawaizungumzii. Teams na Zoom zina chaguo la kusimamisha video zinazoingia. BigBlueButton ina sehemu ya kuokoa data, ambapo mwanafunzi anazima kamera za wengine na hata skrini inayoonyeshwa, akabaki na sauti na slaidi. Jitsi nayo inakuruhusu kushusha ubora wa picha hadi sauti tupu. Kipindi kilichofuata nilimwelekeza yule mwanafunzi aguse chaguo hilo kabla hatujaanza, na akanisikia hadi mwisho kwa simu ileile na laini ileile. Leo ni jambo la kwanza ninalolionyesha katika kila darasa jipya, kabla hata ya kusoma majina.

Na tafadhali, ukipima kasi ya intaneti, usitazame namba ile kubwa pekee. Laini nyingi hutoa kasi kubwa ya kushusha na ndogo ya kupandisha, kwa sababu zilijengwa kwa watu wa kutazama na kusoma. Mwalimu ndiye anayepandisha kuliko wote: uso wake, skrini yake, sauti yake. Mwalimu mwenye megabiti 20 za kushusha na nusu megabiti ya kupandisha atawaona wanafunzi wake vizuri kabisa, na wao watamwona akiganda.

Megabiti nyingi pia haziondoi umbali. Setilaiti zinazoonekana kusimama mahali pamoja angani ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mawimbi yakipanda hadi huko na kushuka tena yametumia kama robo sekunde, na jibu linaporudi ni robo nyingine. Laini ya namna hiyo yaweza kuwa na megabiti tele na bado watu wakawa wanaingiliana kila wakifungua kinywa. Setilaiti zinazoruka chini zaidi, kama zile za Starlink zilizo kwenye kimo cha takriban kilomita 550, hazina tatizo hilo kwa kiwango hicho.

Vyumba vya mikutano na vyumba vya kufundishia

Sasa tunaweza kulinganisha majina.

Zoom ilianzishwa mwaka 2011 na Eric Yuan, aliyetokea Webex, huduma nyingine ya mikutano ya mtandaoni, na ilijengwa kwa ajili ya mikutano ya kikazi. Nguvu yake iko kwenye uthabiti wa sauti na picha, na kwenye vyumba vidogo vya vikundi ambavyo mwalimu anaweza kuwagawia wanafunzi kwa kubonyeza mara chache. Akaunti ya bure ina kikomo cha watu 100 na dakika 40. Google Meet ina wepesi wa kuingia: kwenye kompyuta kivinjari kinatosha, hakuna cha kusakinisha. Hilo limewezekana kwa WebRTC, teknolojia inayokiwezesha kivinjari chenyewe kubeba sauti na picha, ambayo Google iliifungua kwa umma mwaka 2011 na ikapitishwa rasmi kuwa kiwango cha wavuti Januari 2021. Kabla ya WebRTC ilibidi kusakinisha viongezo kama Flash, ambavyo vilikuwa kero kwa kila mwalimu wa zamani zile. Kwa bure, Meet inachukua watu 100 kwa dakika 60 mkiwa watatu au zaidi, lakini vyumba vya vikundi havimo kwenye akaunti hiyo. Teams ya bure nayo ni dakika 60 na watu 100, na inafaa zaidi taasisi ambayo tayari inaishi ndani ya Word, Excel na barua pepe za Microsoft. Kwa mtu anayetafuta kipindi tu, naiona nzito kuliko anavyohitaji. Kampuni hubadilisha vikomo hivi, kwa hiyo vihakiki kabla ya kupanga ratiba.

BigBlueButton ni ya ukoo mwingine, na naomba nikae nayo kidogo. Ilianza mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Carleton, Ottawa, Kanada, na tangu mwanzo lengo lake lilikuwa kufundisha. Tofauti inaonekana mahali ambapo mgeni hapatazami: slaidi. Kwenye chumba cha mikutano, mwalimu huonyesha skrini yake, na skrini hiyo husafiri kama video. Herufi hufifia mtandao ukilegea, na mwanafunzi mwenye simu hana la kufanya. Kwenye BigBlueButton, mwalimu hupandisha faili la slaidi kabla, seva inaligeuza kurasa moja moja, na kila ukurasa humfikia mwanafunzi kama picha iliyotulia. Mwalimu akifungua slaidi ya saba, kinachosafiri ni slaidi ya saba, basi. Inabaki pale, safi, hata sauti ikikwaruza. Mistari anayochora juu yake nayo husafiri kama michoro myepesi. Ubao unaweza kufunguliwa kwa darasa zima, kila mwanafunzi akaandika jibu lake, na mwalimu akaona mkono wa nani unasitasita. Somo likirekodiwa, mwanafunzi anaweza kuruka hadi slaidi anayoitaka, wala halazimiki kukokota video nzima.

Programu hiyo ni huria, haina ada ya leseni. Hapo ndipo watu wanapojidanganya kwamba ni bure. Inahitaji seva yako, na si seva ndogo: mwongozo wake unataka kumbukumbu ya GB 16 na kichakataji chenye viini (cores) 8, pamoja na mtu anayejua kuitunza usiku itakapogoma. Chuo chenye kitengo cha kompyuta kinachofanya kazi kitafaidika nayo sana. Mwalimu mmoja mmoja afadhali akodi nafasi kwa wanaoiendesha, au abaki na chumba cha mikutano, apandishe slaidi zake kwenye kabati mapema ili kila mwanafunzi azifungue mwenyewe. Mbinu hiyo ya pili haina urembo wowote, na imewaokoa wanafunzi wangu wengi.

Jitsi nayo ni huria, na inafaa kwa kikao cha haraka cha watu wachache: unatuma kiungo, mtu anabonyeza, yuko ndani bila kujisajili. Tangu Agosti 2023, kwenye tovuti yake ya wazi, anayefungua chumba lazima ajitambulishe kwa akaunti, ila wanaomfuata hawalazimiki.

Yanayosemwa bila kupimwa

Lipo suala la usalama, ambalo limepotoshwa kwa pande zote mbili. Mwaka 2020 wavamizi waliingia kwenye vipindi vya Zoom na kuonyesha machafu, na wengi wakahitimisha kwamba programu yenyewe imevunjwa. Mara nyingi mlango ulikuwa umeachwa wazi: kiungo kilisambazwa hadharani, hakikuwa na nywila wala chumba cha kusubiria. Zoom ilianza kuwasha vitu hivyo yenyewe kuanzia Aprili mwaka huo. Programu yoyote, hata ile huria, itavamiwa hivyohivyo ukiibandika anwani ya darasa mahali pa wazi.

Upande wa pili ni neno "usimbaji wa mwanzo hadi mwisho", linalotamkwa kama hirizi. Maana yake ni kwamba mazungumzo hufungwa kwenye kifaa cha mtumaji na kufunguliwa kwenye kifaa cha mpokeaji, na seva iliyo katikati haiwezi kuyasikia. Usimbaji wa kawaida hulinda njiani, lakini seva ina ufunguo. Zoom ilijinadi kwamba inao ule wa kwanza wakati haikuwa nao, na Novemba 2020 ikafikia makubaliano na tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, kuhusu madai hayo. Siku hizi inao kweli, ila lazima uuwashe, na ukiuwasha huwezi kurekodi somo kwenye seva zao, kwa sababu seva isiyosikia haina cha kurekodi. Kwa somo la jiografia usimbaji wa kawaida unatosha. Kwa kikao cha ushauri nasaha na mwanafunzi mwenye matatizo, washa ule mkali na usahau rekodi.

Halafu kamera. Taasisi nyingi zimeweka sheria kwamba kila mwanafunzi awashe kamera, ati ndiyo dalili ya usikivu. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa hoja mwaka 2021 kuhusu kwa nini mikutano ya video inachosha: macho mengi yanayokutazama kwa karibu mno, sura yako mwenyewe mbele yako muda wote, mwili uliofungwa mahali pamoja, na akili inayohangaika kusoma ishara ambazo kwenye chumba halisi huzipata bila kufikiri. Ongeza juu yake zile MB 720 kwa saa, na mwanafunzi ambaye hataki wenzake wakione chumba anacholala na wadogo zake wanne. Mimi siwalazimishi. Nawataka wajibu, kwa sauti au kwa maandishi, kila dakika chache. Mtu anaweza kuitazama kamera kwa saa nzima bila kusikia neno, lakini hawezi kujibu swali ambalo hakulisikia.

Rekodi nayo haichukui nafasi ya kipindi. Ni kumbukumbu kwa aliyekosa umeme siku hiyo au anayetaka kurudia sehemu ngumu. Somo la saa mbili lililorekodiwa lote, na kimya chake na "mnanisikia?" zake, watu hawalitazami. Kata dakika 12 zenye kiini, ziweke kwenye kabati.

Kabla ya kuchagua, fanya jaribio hili. Tafuta simu ya bei ndogo kuliko zote walizonazo wanafunzi wako, izime Wi-Fi, uitie laini ya kawaida ya simu, na umwombe mwenzako afundishe kwa dakika 30 wewe ukiwa mwanafunzi. Angalia data iliyotumika. Jaribu kusoma herufi za slaidi bila kuvuta skrini. Nyoosha mkono uone kama mwalimu ameuona. Kata laini makusudi kisha urudi, uhesabu inakuchukua muda gani kuingia tena na kama nywila inahitajika upya. Fanya hivyo kwa programu mbili au tatu, saa ileile ambayo somo litakuwa likifanyika, maana mtandao wa saa nne asubuhi na wa saa mbili usiku ni mitandao miwili tofauti.

Kisha kubalianeni mapema mtafanya nini laini ikikatika katikati ya somo. Darasani kwangu tumepatana hivi: mwalimu akipotea kwa zaidi ya dakika tano, kila mtu anafungua zoezi la siku hiyo kwenye kabati na kuanza swali la kwanza. Mara ya mwisho ilipotokea nilirudi hewani baada ya dakika 14, nikiwa na maneno ya kuomba radhi mdomoni, nikawakuta watatu wameshafika swali la nne na mmoja anawaeleza wenzake, kwa sauti, kwa nini jibu la swali la pili ni hasi.